Duara la Mawe katika Kilabu cha Kitale

Wakazi wa Tuwan na mitaa mingine ya Kitale hukijua Kilabu cha Kitale kwa kiwanja chake cha gofu. Lakini ukiuliza habari za zamani, utaambiwa kwanza juu ya mawe. Husimuliwa kwamba mbele ya kilabu palikuwa na duara la mawe, ambamo watumwa walifungiwa usiku, misafara ilipopita kutoka Uganda kwenda Bagamoyo.

Masimulizi hayo si ya kudharauliwa. Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani, yenye kutafuta pembe za ndovu na watumwa, ilifika Mumias, nako si mbali sana na Kitale. Hata hivyo, msomaji hana budi kukumbuka jambo moja. Nyanda za juu za magharibi ya Kenya zina mashimo mengi yaliyozungushiwa mawe, yaitwayo mashimo ya Wasirikwa, na wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, mengi yake ya kabla ya mwaka 1800. Zizi na gereza, yakiisha kubomoka, hufanana. Mimi naona afadhali mawe yachunguzwe kabla ya kuandikwa vitabuni kwa yakini.

Yaliyofuata hayahitaji kuchimbuliwa. Baada ya vita vya 1914–1918 serikali iliwagawia askari wa Kizungu mashamba ya Trans Nzoia, na katika miaka ya 1920 reli ikafika Kitale kutoka Eldoret. Masetla walikaa mbalimbali, kila mmoja na mahindi yake, wakatamani pahali pa kukutana. Kilabu kikawa ndipo. Kama ilivyokuwa katika Kilabu cha Nairobi cha mwaka 1901, na kile cha Muthaiga kilichofunguliwa siku ya mwisho ya 1913, Mwafrika hakuwa mwanachama. Aliingia kwa mlango wa jikoni, au akiwa amebeba mfuko wa magongo ya gofu.

Huyo mbeba mfuko hakuhesabiwa kuwa mwanafunzi. Lakini alitembea kutwa nyuma ya bwana, akitazama kila pigo, akipima upepo na mteremko wa majani, na makosa ya bwana akayajua kuliko bwana mwenyewe. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, milango ya vilabu ikawafungukia Waafrika waliokuwa na ada ya kulipa. Wabeba mifuko wengi hawakuwa nayo. Ila kati yao, katika viwanja mbalimbali vya Kenya, ndimo walimotoka baadhi ya wachezaji hodari wa kulipwa.