Seva, koltani na kasiterite: ni nini iko ndani ya mashine zenye zinabeba intaneti?

Mtu wa Mweso akituma feza kwa simu, ao akitumia ndugu yake wa Goma sauti kwa WhatsApp, anatumia mashine yenye hajaiona hata siku moja. Mnara wa simu hauchungi ujumbe. Unaupokea na kuupitisha tu. Kazi ya kuchunga, kuhesabu na kujibu inafanywa na mashine zenye wanaziita seva, zenye ziko mbali, katika nyumba zenye baridi na umeme wa saa 24.

Watu wachache wanapata nafasi ya kuziona kwa karibu. Lakini ndani yake kuna madini ya aina mbili yenye wakaaji wa Masisi na Walikale wanayajua vizuri.

Wageni wa Houston

Februari 2010, kampuni HP ya Marekani ilialika wanablogu wa teknolojia katika muji wa Houston, Texas, kusudi iwaonyeshe seva zake. HP ilipata kituo hicho cha Houston wakati iliponunua kampuni Compaq mwaka 2002.

Kwa nini wanablogu? Ni watu wa fani hiyo: wengi wao ni mafundi na wajuzi wa seva, na wanaandika kwa intaneti mambo yenye wanayafahamu. Fundi akisema mashine fulani ni nzuri ao ni mbaya, fundi mwenzake anamusikiliza kuliko tangazo. Kampuni inalijua hilo, na ndiyo maana inafungua mlango.

Kati ya seva zenye HP ilikuwa inauza wakati huo kuna zile nyembamba zenye wanaziita blade. Zinapangwa pamoja katika sanduku moja la chuma, sawa vile chupa katika kreti. Sanduku la aina c7000 liko na urefu wa sentimita 44 hivi, na linaingiza seva 16 za kimo kidogo. Kwa nyuma kuna feni 10 za kupoza joto, na kuna vifaa 6 vya kuleta umeme. Hesabu hiyo haikuwekwa bure: feni moja ikikufa, zingine zinaendelea, kwa sababu seva haina ruhusa ya kulala.

Koltani inafanya kazi gani?

Ukifungua seva moja, unaona kwanza prosesa na memori. Pembeni kuna vitu vidogo vidogo, vingine sawa punje ya mchele. Kati ya hivyo kuna kondensa, na baadhi yake zinatengenezwa na tantali, chuma chenye kinatoka katika koltani.

Kazi yake ni rahisi kuelewa. Prosesa inaomba umeme kwa kushituka: sasa kidogo, sasa mwingi. Kondensa inachunga umeme kidogo karibu nayo na kuuachilia mara moja ukihitajika, sawa bidoni ya maji yenye inawekwa jikoni juu robine haiaminiki. Kuna kondensa za aina zingine zenye bei ya chini, lakini ya tantali ni ndogo, inavumilia joto na inadumu miaka mingi. Kwa mashine yenye haizimwe, hiyo ni faida kubwa.

Na kasiterite ya Walikale?

Kasiterite inatoa bati. Bati ndiyo inafanya lehemu, ile gundi ya chuma yenye inashikanisha kila kipande na ubao wa mashine. Lehemu ya sasa yenye haina risasi iko na bati zaidi ya 95%. Bila bati, seva ni vipande tu katika karatoni.

Njia ni ndefu. Mchimbaji anatoa mawe, mnunuzi anayapeleka, yanauzwa inje ya inchi, yanafika kwenye tanuru ya kusafisha, kisha kiwanda cha kondensa ao cha lehemu, kisha kiwanda cha seva. Kwenye tanuru, mawe ya machimbo mbalimbali yanachanganywa. Kutoka hapo, hakuna mtu mwenye anaweza kuangalia chuma na kusema kilitoka shimo gani.

Mwaka 2010 ulileta nini?

Mwaka ule ule wa ziara ya Houston, mambo yalibadilika kwa wachimbaji. Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinaomba makampuni yaseme kama bati, tantali, tangsten na zahabu zao zinatoka Kongo ao inchi jirani. Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mkono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Katazo liliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi wa inje waliendelea kukimbia madini yenye hayana alama. Wachimbaji, wabeba mizigo na wamama wenye kuuza chakula kwenye machimbo walipoteza makuta.

Kutoka hapo ilikuja etiketi yenye inafungwa kwenye mfuko karibu na shimo. Kule Rubaya, katika Masisi, ilianza mwaka 2014. HP yenyewe ilitangaza mwaka 2013 orodha ya matanuru yenye yanapitisha chuma cha vifaa vyake.

Leo hali iko namna gani?

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanahesabu kwamba Rubaya inatoa karibu 15% ya koltani ya dunia. Kundi la M23 liliingia huko mwisho wa Aprili 2024. Februari 2025, wizara ya madini ya Kongo iliweka machimbo 38 ya Masisi na Kalehe katika rangi nyekundu, maana yake madini yao hayaruhusiwe kuuzwa. Mwezi uliofuata, mgodi wa bati wa Bisie, katika Walikale, ulisimamisha kazi kwa sababu ya vita. Ulianza tena Aprili.

Mgeni mwenye anatembezwa mbele ya seva anaweza kuhesabu feni, kushika sanduku na kuuliza bei ya umeme. Asili ya tantali na bati haiwezi kuonekana pale. Inajulikana tu kwenye mdomo wa shimo, siku mfuko unafungwa: nani alichimba, nani alilipwa, nani alikatisha kodi njiani. Etiketi ikiandikwa uongo pale, uongo huo unaingia tanuru pamoja na mawe, na hakuna fundi wa Houston mwenye ataweza kuutoa.