Nyama ya Ng'ombe Ndani ya Kompyuta: Maneno ya A hadi F

Leo tuweke kando habari za simu mpya na bei za intaneti, tupige historia kidogo.

Chukua herufi sita za kwanza tu: A, B, C, D, E na F. Ni maneno gani ya Kiingereza unayoweza kuandika kwa hizo peke yake? Utapata DEAD, BEEF, CAFE, BABE, FEED, FACE na mengine kadhaa. Si mengi. Lakini hayo machache yameingia ndani kabisa ya mashine tunazotumia, na hadithi yake inafaa kujulikana.

Kwanza, kwa nini A hadi F? Kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja. Kusoma sifuri na moja 32 mfululizo kunachosha macho, kwa hivyo sisi waandishi wa programu huzifunga nne nne. Kila fungu linaweza kuwa na sura 16, nasi tuna tarakimu 10 tu, 0 hadi 9. Sita zinapungua, basi tunaazima herufi. Mfumo huu ndio heksadesimali.

Zamani kila mtengenezaji aliazima alivyotaka. ILLIAC, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois ya mwaka 1952, ilitumia K, S, N, J, F na L. LGP-30 ya 1956 ilitumia F, G, J, K, Q na W. Bendix G-15, ya mwaka huohuo, ilichukua U hadi Z. Hebu jaribu kuunda neno hapo! Kisha mwaka 1964 IBM ikatangaza System/360, iliyotumia A hadi F. Mashine hizo ziliuzwa sana na mtindo wake ukaenea. Tazama sasa: ndani ya herufi hizo sita mna irabu mbili, A na E. Irabu zikiingia, maneno huzaliwa.

Neno lililovuma zaidi ni DEADBEEF, yaani nyama ya ng'ombe mfu. Lina herufi nane, na nane za heksadesimali ni biti 32 kamili. Kwenye kompyuta za IBM RS/6000, zilizotoka mwaka 1990, lilitumika kujaza sehemu za kumbukumbu ambazo bado hazijawekwa kitu. Programu ikiharibika, unafungua kumbukumbu yake, na katikati ya msitu wa nambari unaiona ile nyama. Mara moja unajua kwamba programu imesoma mahali ambapo haijaandika. Ungeandikiwa 3735928559, ambayo ni nambari ileile, ungeipita bila kugeuka. Microsoft nao walikuwa na BAADF00D, chakula kibaya, kwa kazi kama hiyo. Kwenye iPhone, programu iliyochelewa mno kuitika hufungwa na kuachiwa alama 8BADF00D. Hapo sifuri inasimama badala ya O.

Sasa Java. Kila faili ya klasi ya Java huanza na CAFEBABE. James Gosling, baba wa lugha hiyo, ameeleza kwamba yeye na wenzake walikuwa wakienda kula chakula cha mchana St. Michael's Alley, mkahawa wa Palo Alto. Ilisemekana kwamba bendi ya Grateful Dead ilipiga muziki hapo kabla ya kupata umaarufu, kwa hivyo wakaubandika jina Cafe Dead. Kisha akagundua kwamba CAFEDEAD ni nambari halali. Alihitaji nambari mbili za kutambulisha faili, akaitumia hiyo kwa aina moja, na kwa faili za klasi akatafuta neno jingine la herufi nne la kufuata CAFE. Akapata BABE, kimwana.

Shida ni kwamba maneno ni machache. Mfumo wa NeXT, ambao baadaye ulizaa mifumo ya Apple, nao ulitumia CAFEBABE kwa faili zinazobeba programu moja iliyoandaliwa kwa prosesa za aina kadhaa. Kwa hivyo programu ya Unix iitwayo file, ambayo kazi yake ni kukutajia aina ya faili, hulazimika kutazama baiti nne zinazofuata. Kwa Java hapo pana nambari ya toleo, iliyoanzia 45. Kwa Apple ni idadi ya aina za prosesa, ambayo huwa ndogo. Ndogo ni Apple, kubwa ni Java. Kulikuwa na nambari 4,294,967,296 za kuchagua, na bado wakagongana kwa sababu wote walitaka neno la kuchekesha.

Na kicheko cha mmoja si cha wote. Mwaka 2012 watu waligundua B16B00B5 katika sehemu ya Linux iliyoandikwa na Microsoft. Soma 1 kama I, 6 kama G na 5 kama S: ni mzaha wa kihuni juu ya matiti ya wanawake. Microsoft ikaomba radhi, na neno likaondolewa. Mimi hilo ndilo linalonifikirisha. Nambari hizi hazina lugha. Maneno yaliyomo yanatuambia ni nani alikuwa chumbani siku zilipochaguliwa, na nani hakuwamo.

Basi nikajaribu Kiswahili. BABA. DADA. ADA. BAADA. BEBADEBE, beba debe, biti 32 kamili! Lakini ninalolipenda zaidi ni hili: BAD0BAD0. Mwingereza ataona kitu kibaya mara mbili. Mimi naona kumbukumbu ikijibu yenyewe kwamba haijawekwa kitu: bado, bado. DEADBEEF inaizidi kwa jambo moja: ni nambari witiri, kwa hivyo ikitumiwa kama anwani, prosesa nyingine hukataa papo hapo. Hata hivyo ndiyo ninayojazia kumbukumbu ninapojaribu programu zangu, na nikiiona kwenye skrini sihitaji kutafsiri chochote.

Haya, kalamu na karatasi. Herufi ni sita, ukitaka ongeza 0 kwa O na 1 kwa I. Tuone Kiswahili kitatoa mangapi.