Hadji Murat (riwaya)

Hadji Murat ni riwaya fupi ya Mrusi Leo Tolstoy, iliyoandikwa kati ya 1896 na 1904 na kuchapishwa 1912, baada ya kifo chake. Mhusika mkuu ni kiongozi wa Waavari wa Dagestan aliyepigana upande wa Imamu Shamil, kiongozi wa upinzani dhidi ya Warusi, kisha akahamia kwa Warusi 1851, akauawa mwaka uliofuata alipojaribu kuwatoroka. Ishara kuu ya riwaya ni mmea wa miiba ambao Warusi huuita "Mtatari". Msimulizi anahangaika kuuchuma, shina linamchoma hata akiwa amezungusha kitambaa mkononi. Kisha anaukuta mwingine shambani, umepondwa na gurudumu, umejaa matope, bado umesimama. Tolstoy, aliyewahi kuwa askari Kaukazi, anawaheshimu kwa dhati watu walioshambuliwa na jeshi la nchi yake.