Jina la Ngege

Wavuvi wa pande za kaskazini za Ziwa Viktoria waliwapambanua tangu zamani samaki wawili wafananao sana kwa umbo, ngege na mbiru. Katika vitabu vya elimu ya viumbe, hata hivyo, mbiru ndiye aliyetangulia. Boulenger wa London alimpa jina mwaka 1906, hali ngege, aliyekuwa tegemeo kubwa la wavuvi, alikaa bila jina la kitaalamu mpaka mwaka 1928.

Aliyempa jina hilo ni Michael Graham, Mwingereza aliyefika mwaka 1927 kuchunguza uvuvi wa ziwa. Kilichomleta hasa ni upungufu. Nyavu za kutega za kigeni ziliingia ziwani mwaka 1905, na kila wavu ukawa ukipata samaki wachache kuliko zamani. Graham alishauri pasitumike nyavu zenye macho madogo kuliko inchi 5. Ngege akamwita Tilapia esculenta, yaani afaaye kuliwa. Na kwa hakika kuliwa ndiko kulikomfanya achunguzwe.

Mfanano wa umbo haukuondoa tofauti. Dume la mbiru lijulikana kwa ukingo wa rangi ya chungwa katika pezi la mgongoni. Ngege hula vimelea vidogo vya kijani vielevyo majini, akivinasa kwa ute wa kinywani. Na jike huatamia mayai yake kinywani vilevile. Ethelwynn Trewavas, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alimweka katika jenasi ya Oreochromis, jina lililotungwa na Günther mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro.

Lakini wakati huo ngege mwenyewe alikuwa amekwisha kutoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Nyavu zilimpunguza, na tangu miaka ya 1950 waliletwa sangara na sato wa Mto Nile. Mabaki yake yalisalia katika maziwa madogo, kama Kanyaboli nchini Kenya.

Siku hizi, katika masoko ya Uganda, aitwaye ngege aghalabu ni yule sato mgeni. Basi mwanafunzi asomaye habari za zamani yampasa aulize kwanza ni ngege yupi anayetajwa, kwa kuwa neno limedumu na samaki wake ameondoka.