Mahame na Kumbukumbu ya Makao

Mahali palipohamwa na watu huitwa hame, na wingi wake ni mahame. Neno hilo halisemi kwamba mahali hapo ni patupu; lasema kwamba palikuwa na watu, nao wameondoka. Kwa hiyo mtu aweza kulionea hame hamu, kama amwoneavyo ndugu aliye mbali. Katika Tanzania neno hili lilipata uzito mpya kati ya miaka ya 1968 na 1976.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa, katika Septemba ya mwaka uleule, na andiko la Mwalimu Nyerere juu ya ujamaa vijijini, lililotaka watu wakusanyike kwa hiari. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 wakazi wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa mahali pa mwinuko. Dodoma ikafuata mwaka 1971. Mwezi wa Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na muda ukawekwa hadi mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihama. Mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa au kutiwa moto, ili wenyewe wasirudi.

Nia ya serikali ilieleweka. Ni vigumu kupeleka shule, zahanati na maji kwenye nyumba zilizotawanyika, na watoto wengi walipata kusoma kwa sababu ya vijiji hivyo. Lakini makao ya shamba si kuta na paa tu. Nyuma yalibaki makaburi ya wazee, miembe iliyopandwa na mababu, na udongo ambao tabia yake ilijulikana: wapi hushika maji, wapi pafaa mpunga, wapi mahindi. Warufiji walikuwa na kilimo cha mlau, yaani kupanda katika udongo wenye unyevu baada ya maji ya mto kupungua. Ujuzi huo haukuwa na kazi mwinukoni. Basi wengi waliendelea kushuka bondeni kila msimu, wakilala katika madungu ili kulinda mazao, na kupanda tena kijijini baada ya mavuno.

Hamu hiyo hatimaye ilifika mahakamani. Katika miaka ya 1980 wako waliorudi mahameni na kudai mashamba ambayo sasa yalilimwa na wengine, nao pia walikuwa wamepewa na serikali. Sheria ya mwaka 1992 ilikusudia kuzifuta haki za kimila za waliohamishwa. Baba na mwanawe kutoka Mbulu, waliokuwa na shamba tangu mwaka 1943, waliipinga; na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali ilindwayo na Katiba.

Wahenga husema mkataa kwao mtumwa. Watu hawa hawakukataa kwao, waliondolewa. Wala hamu yao haikuwa ukaidi dhidi ya maendeleo. Mwalimu mwenyewe, alipoacha urais mwaka 1985, alirudi Butiama alikozaliwa, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1999.