Treni ya usiku ya Hamburg–Vienna

Treni ya usiku ya Hamburg–Vienna ni huduma ya reli inayounganisha mji wa bandari wa kaskazini mwa Ujerumani na mji mkuu wa Austria. Huendeshwa na shirika la reli la Austria, ÖBB, kwa jina la Nightjet. Huondoka Hamburg jioni, hupitia Hannover, Nürnberg, Passau na Linz, na kuingia Vienna asubuhi, ikiwa imekwenda zaidi ya kilomita 1,000. Tiketi moja hulipia usafiri na malazi, hivyo raha au taabu ya usiku huo huamuliwa mapema, siku tiketi inapokatwa.

Historia

Mabehewa ya kulala yalienea Ulaya kupitia kampuni ya Mbelgiji Georges Nagelmackers, mwanzilishi wa Orient Express mwaka 1883. Baadaye ndege za nauli nafuu na treni za mwendo kasi ziliwavuta abiria wengi. Desemba 2016 shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, liliacha biashara ya mabehewa ya kulala, na ÖBB ikachukua sehemu ya njia zake. Desemba 2023 njia za kutoka Hamburg kwenda Vienna na Innsbruck zilikuwa za kwanza kupewa treni za kizazi kipya zilizoundwa na Siemens. Kila moja ina mabehewa 7 na nafasi 254.

Aina za nafasi

Behewa la kukaa ndilo la bei ya chini. Linamfaa anayeshuka njiani, lakini aliye na shughuli asubuhi Vienna atafika amechoka.

Behewa la vitanda vya pamoja lina vyumba vya watu wanne, na kila abiria hupata mto, shuka na blanketi. Wanawake wanaweza kuomba chumba cha wanawake pekee, na familia inaweza kulipia chumba kizima.

Anayesafiri peke yake anaweza kuchagua kijumba cha mtu mmoja, kilicho mpya katika treni hizi. Ni kitanda kimoja ndani ya kuta zake, chenye taa, kioo na meza ndogo ya kukunja. Mlango hufunguliwa kwa kadi, na viatu na begi huwekwa kwenye kabati la kufungwa lililo karibu. Mtu mrefu au mwenye mwili mkubwa atakiona chembamba.

Behewa la kulala ndilo la bei ya juu. Vyumba vyake ni vya mtu mmoja au wawili, na katika treni hizi vina choo na bafu la ndani.

Kukata tiketi

Mauzo ya tiketi huweza kufunguliwa hadi miezi 6 kabla ya safari, ingawa matengenezo ya reli huchelewesha baadhi ya tarehe. Ratiba za Ulaya hubadilika kila mwaka katikati ya Desemba, na safari za baada ya hapo huhitaji subira. Bei hupanda kadiri nafasi zinavyojaa, kwa hiyo anayetaka kitanda wakati wa likizo asingoje. Tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida hairudishiwi fedha. Ambaye bado anasubiri viza afadhali alipe zaidi kwa tiketi inayoweza kufutwa.

Tarehe nayo iangaliwe vizuri: anayepanda katikati ya njia baada ya saa 6 usiku hukata tiketi ya siku iliyokwisha kuanza. Wenye pasi za Interrail au Eurail bado hulazimika kulipia nafasi.

Kupanda na kuvuka mpaka

Namba ya behewa ni muhimu kama namba ya kitanda. Treni hii hugawanywa Nürnberg usiku wa manane: sehemu moja huenda Vienna, nyingine Innsbruck. Aliyelala kwenye behewa lisilo lake ataamkia mji mwingine. Pasipoti ikae karibu, hasa wakati wa kurudi, maana Ujerumani hukagua wanaoingia kutoka Austria, ijapokuwa nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen.

Haki za abiria

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Juni 2023 humpa abiria fidia ya asilimia 25 ya nauli treni ikichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120. Anayeunganisha treni nyingine atafute tiketi moja ya safari nzima: akikosa treni ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, shirika hulazimika kumfikisha au kumrudishia fedha. Mwenye tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali huweza kulazimika kununua upya, na kwa safari ya usiku hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa hupoteza usafiri pamoja na mahali pa kulala.