Ukombozi wa Masasi

Wahindu huuita ukombozi wa roho moksha, na Bhagavad Gita inataja njia zake kadhaa: maarifa, matendo, ibada. Kwetu Masasi habari ya ukombozi ilianza na minyororo. Mwaka 1876 Askofu Steere alileta kutoka Unguja watu waliotolewa utumwani. Mwaka 1882 Wangoni wakavamia, wakateka wengine upya, na padri Maples akahamia Newala kwa Matola. Mwili uliokwishakombolewa haukuwa salama, sembuse roho! Mapadri walihubiri njia moja. Ni Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, aliyelitia jando sala za kanisa badala ya kulipiga marufuku. Unyago ulimshinda zaidi. Bibi yangu alisali kila Jumapili, na msimu ukifika alikwenda kuwafunda wali.